Vichimbakazi wema na wabaya wa Uskoti na Ireland: tunawatofautishaje jukwaani?

Mwl_Tukuyu

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za jioni.

Klabu ya sanaa ya sekondari hapa Rungwe inaandaa jioni ya hadithi. Nusu ya kwanza ni ngano za kwetu, nusu ya pili ni za Uskoti na Ireland. Kule tumekuchagua kwa sababu ya mandhari: ukungu, baridi, vilima vya majani, vijito kila upande. Pazia moja linatosha nusu zote mbili.

Kinachotukwamisha ni vichimbakazi wenyewe, wale viumbe wa ngano wanaoitwa fairies kwa Kiingereza. Rasimu ya wanafunzi imewagawa kirahisi: wema wana mbawa na kijiti chenye nyota, wabaya wana pembe na mkia. Hiyo ni katuni. Nataka mgawanyo kama wenyeji wa kule walivyousimulia. Yule wa nyumbani anayefanya kazi usiku analipwa nini hasa, na kwa nini visa vyake vingi vinaishia kwa yeye kuondoka? Watu walijikinga kwa vitu gani, na kwa utaratibu upi? Na wa majini, yupi anaweza kusimama jirani na chunusi wetu bila kufanana naye mno? Muda wetu ni dakika 40, waigizaji 12, taa ni za sola, kwa hiyo mambo ya kutoweka kwenye moshi hatuna.

Nawasilisha.

KihesaJuu

Mwalimu, futeni mbawa kabla ya yote. Hizo zililetwa na wachoraji na majukwaa ya maigizo ya Uingereza, hasa karne ya 18 na ya 19. Kwenye ngano za vijijini wanaruka, ndiyo, ila kwa kupanda bua la magugu kama farasi, au kwa kubebwa na kisulisuli. Zilizozikaza mbawa akilini mwa watu ni picha za Cottingley, Uingereza, mwaka 1917. Wasichana wawili, Elsie Wright na Frances Griffiths, walichora vichimbakazi kwenye karatasi, wakawakata, wakawasimamisha majanini kwa pini za kofia na kuwapiga picha. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, mtu mzima na akili zake, akaamini. Ukweli ulitoka hadharani 1983, ingawa Frances alishikilia hadi mwisho kwamba picha moja ilikuwa halisi.

Tuje kwenye mgawanyo. Uskoti wanataja mabaraza mawili, Seelie Court na Unseelie Court. Msiyafanye malaika na mashetani. Seelie ni majirani: wanaazima, wanaazimisha, wanalipa. Wao humpa maskini mkate na mbegu ya kupanda. Akija mmoja kuazima bakuli la unga, mpe. Atarudisha kipimo kamili au zaidi. Ukimkosea atakuumiza naye, tena vibaya, ila kosa lako litakuwa linajulikana na mara nyingi utakuwa umeshaonywa. Unseelie hawangoji kosa. Kwao, mtu kutembea peke yake giza likiingia ni sababu tosha.

Kwa hiyo kipimo cha mtunzi si sura ya kiumbe. Jiulize: je, huyu binadamu angeweza kuepuka yaliyompata kwa kufuata adabu? Kama angeweza, umeandika Seelie. Kama hakuwa na namna, huyo ni Unseelie. Rasimu ikichanganya hapo, watazamaji hawataelewa kwa nini mama aliyemwaga maji mlangoni ameadhibiwa.

Na hilo la maji ni la kweli. Ireland, kabla ya kumwaga maji machafu nje usiku, mtu alipiga kelele kwanza kuwaonya wasogee, ndipo akamwaga. Mfuatano ni huo: sauti, kituo kifupi, maji. Akimwaga halafu ndiyo apige kelele, kosa limeshatendeka.

Kisa kinachoonyesha Seelie vizuri kuliko vyote ni cha Sir Godfrey McCulloch wa Galloway, Uskoti. Alitokewa na mzee mfupi aliyevaa kijani juu ya farasi mweupe, akilalamika: mtaro wa maji machafu wa nyumba yako unamwagikia ndani kwangu, chini ya ardhi. McCulloch hakubisha, akaamuru mtaro uhamishwe. Miaka ikapita, akaua mtu, akahukumiwa kifo Edinburgh. Ngano inasema siku ya kunyongwa (hasa ni kukatwa kichwa) yule mzee alipenya katikati ya umati, akampakia nyuma ya farasi wake, wakapotea. Historia inasema kichwa kilikatwa kweli, mwaka 1697. Mimi ningesimulia miisho yote miwili, mmoja baada ya mwingine, na kuwaacha wanafunzi wabishane. Waigizaji wanne wanatosha.

MamaMakambako

Nachukua la huyu wa nyumbani. Anaitwa Brownie, wa kusini mwa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza. Mfupi, nywele nyingi, ngozi ya kahawia, matambara au hana nguo kabisa. Anapura nafaka, anafagia, anasukasuka maziwa, anaangalia mifugo. Anaanza watu wakishalala, anaacha jogoo akiwika.

Chakula chake ni bakuli moja la krimu, au maziwa mazito pale krimu inapokosekana, na kimkate cha unga wa oti kilichookwa juu ya bamba la chuma, chenye asali. Kinawekwa karibu na jiko, penye joto lililobaki. Hadi hapo kila mtu anajua. Kinachoharibika ni namna ya kutoa. Kinawekwa, hakikabidhiwi mkononi. Haitwi kwa jina aje kula. Hasemwi kwamba hiki ni cha kazi ile. Kionekane kama kimesahaulika pale. Sababu yake ni kwamba anayelipwa ameajiriwa, na huyu hajaajiriwa na mtu. Akishapokea ujira, deni limefutika na hana cha kumweka pale. Kwenye shamba la Bodsbeck, karibu na Moffat, mwenye shamba alimwekea mkate na maziwa kisha akamwita aje achukue. Brownie akahamia shamba la jirani, Leithenhall, na bahati yote ya Bodsbeck akaenda nayo.

Nguo ndiyo ajali inayosimuliwa zaidi. Mwenye nyumba anamhurumia kwa kuwa uchi, anamshonea shati, anamwekea. Brownie anavaa, anacheza, anaimba, harudi tena. Lakini msiandike kwamba nguo humfukuza siku zote. Kisa cha Lincolnshire, Uingereza, ni kinyume: kila mwaka alipewa shati la kitani na kazi ikaendelea, mpaka mwenye shamba akabana matumizi na kumwekea la gunia. Akaondoka akiimba kwamba angepewa kitani angetumika miaka mingi zaidi. Kosa pale ni ubahili, si zawadi. Amueni mapema mnatumia kisa kipi, kwa sababu vyote viwili katika onyesho moja vinapingana.

Kosa la tatu ni kumkosoa. Huko Cranshaws, Uskoti, Brownie alivuna na kuingiza nafaka miaka kadhaa, watu wakazoea, mmoja akasema mwaka huu mavuno hayakupangwa vizuri ghalani. Usiku ule ule akabeba mavuno yote hadi kwenye genge la Raven Crag, maili mbili, akayatupa. Hapo mna wimbo tayari: kundi linabeba miganda na kurudia lile neno la lawama kila hatua. Miganda ya ngano au hata mabua ya mahindi itafaa.

Brownie aliyetukanwa asipoondoka, anageuka Boggart. Anavunja vyombo, anavuta blanketi usiku, anachachusha maziwa. Yorkshire wana kisa cha familia iliyochoka ikapakia mizigo kwenye mkokoteni. Jirani akauliza, mnahama? Kabla baba hajajibu, sauti ikatoka ndani ya pipa la kusukasukia siagi: ndiyo, tunahama! Baba akageuza mkokoteni, kama anakuja nao ni heri kuteseka nyumbani walipozoea. Mwalimu, hiki watoto watakicheka mpaka basi, na kinahitaji pipa moja tu na mtoto mdogo wa kuingia ndani. Toboeni matundu ya hewa, na mfuniko uwe wa kitambaa.

BwanaShamba_Uyole

Wa majini sasa. Chunusi anamvuta muogeleaji kutoka chini. Kelpie wa Uskoti anafanya kinyume: anampandisha mtu juu. Anatokea kando ya mto kama farasi mpole, ana hatamu wakati mwingine, mwili umelowa. Mtoto akipanda, ngozi inanata. Wakiongezeka watoto, mgongo unarefuka uwatoshe. Kisha anaingia majini nao wote. Kwa hiyo mkiwaweka jirani, chunusi asionekane kabisa (kamba na mguu vinatosha), na Kelpie aonekane mno, mzuri kupita kiasi.

Yuko farasi mwingine wa majini, mbaya zaidi, each-uisge, wa bahari na maziwa. Kelpie ni wa maji yanayotembea. Each-uisge anakula kila kitu isipokuwa ini, na ini huelea ufukweni asubuhi. Karibu na Aberfeldy wanasimulia wasichana saba waliopanda na mvulana mmoja aliyeona mgongo ukirefuka, akajificha kwenye mawe makubwa. Kesho yake yakaonekana maini saba. Katika masimulizi mengine mvulana amegusa kwa kidole kimoja tu, kikanata, akakikata kwa kisu akaokoka. Kwa sekondari kidole kinafaa. Maini nisingeyaweka mbele ya wazazi waliotoka kula.

Akijigeuza kijana mtanashati, mtamjua kwa nywele: ndani yake kuna mchanga au majani ya majini. Hiyo ndiyo alama, na ioneshwe kwa watazamaji kabla msichana hajaiona.

Kelpie anaweza kufungwa kazi kwa kuvishwa hatamu. Bwana wa Morphie alifanya hivyo, akamkokotesha mawe ya kujengea ngome. Ngome ikaisha, akamfungua, Kelpie akamlaani kwa shairi: mgongo unauma, mifupa inauma, na bwana huyu hatafanikiwa Kelpie angali hai. Ukoo ukaisha, wanasema. Tena mnaona kipimo cha KihesaJuu kinavyofanya kazi: kiumbe ni mwovu, lakini balaa la Morphie lilitokana na tamaa ya Morphie.

Nyongeza ya shambani. Zile duara za uyoga majanini, ambazo kule waliziita uwanja wao wa ngoma, ni kuvu anayeanzia katikati na kukua kuelekea nje kila mwaka; ukingoni anaachia naitrojeni, majani yanakuwa ya kijani kibichi zaidi. Ukitaka kumtoa mtu aliyenaswa kwenye ngoma, kisa cha Rhys na Llewellyn wa Wales kinatoa utaratibu: mwokoaji aweke mguu mmoja tu ukingoni, wenzake nje wamshike nguo kwa nguvu, naye amdake mchezaji anapopita. Miguu yote miwili ikiingia, wamekuwa wawili waliopotea. Rhys alipotolewa alidhani amecheza dakika tano.

Isyesye

Wakuu mmeacha vinara wa uovu. Kwa maoni yangu banshee ndiye awe mkuu wa Unseelie, anatisha kwa sauti tu, gharama sifuri.

KihesaJuu

Hapana mkuu, huyo mnamsingizia. Banshee wa Ireland haui mtu. Anafuata koo za kale na kulia nje ya nyumba mmoja wao anapokaribia kufa. Ni mleta habari, na kwa baadhi ya koo ilikuwa heshima kuwa naye. Mkimfanya muuaji mmempoteza.

Ndugu yake wa Uskoti, bean nighe, anafua kivukoni nguo za atakayekufa; walisema ni mwanamke aliyefariki akijifungua. Huyu ana utaratibu wa kuigiza. Umwone kabla hajakuona, ujipenyeze kati yake na maji. Ukiwahi, atakujibu maswali matatu, ila na wewe ujibu matatu yake bila uongo hata chembe. Ukichelewa, au ukidanganya, huna kitu.

Ukitaka mwovu mtupu, chukua Redcap. Mzee mfupi, meno marefu, kucha ndefu, macho mekundu, viatu vya chuma, kofia anayoitia rangi kwa damu ya watu. Anakaa kwenye magofu ya ngome za mpakani, kule ambako Waskoti na Waingereza walichinjana. Nguvu za mikono hazimwezi. Anaondoka kwa maneno ya Biblia au kwa msalaba, anapiga yowe, anaacha jino moja refu sakafuni. Hamhitaji moshi: taa izimwe sekunde moja, iwashwe, jino liwe pale. Angalieni tu kwamba viatu vyake vya chuma vinaonyesha chuma, kinga ya kawaida dhidi ya vichimbakazi, hakimtishi. Kama mmeshawaambia watazamaji kwamba chuma hufukuza kila kichimbakazi, hapo mtaulizwa.

Mwl_Tukuyu

Asanteni sana, hasa Mama Makambako, pipa limeshapatikana.

Mambo mawili yamebaki. Baadhi ya wazazi wameshaanza kusema haya ni mapepo, na mwalimu mwenzangu anapendekeza tuwaite mizimu ili waeleweke. Pili, wanafunzi wanataka kile kisa cha mtoto aliyebadilishwa kitandani, yaani vichimbakazi wamemwiba na kuacha kiumbe wao mahali pake. Kinafaa?

Mzee_Gangilonga

Marahaba mwalimu.

Mizimu hapana. Mzimu ni wako: ni babu, ni bibi, ana haki ya kukudai kwa sababu ya damu. Kichimbakazi wa kule hana undugu na mtu. Hata Brownie anayekaa na familia vizazi kadhaa yupo kwa ajili ya nyumba na kazi yake, haombwi mvua wala hatambikiwi. Mkiwachanganya, nusu ya kwanza ya onyesho lenu itaharibika pamoja na ya pili.

Kuhusu mapepo, waambieni wazazi habari za Mchungaji Robert Kirk wa Aberfoyle. Alikuwa mchungaji wa kanisa, na miaka ya 1691 na 1692 aliandika maelezo marefu juu ya viumbe hawa. Aliwaweka kati ya binadamu na malaika, miili yao kama wingu lililoganda, wakionekana vizuri zaidi mchana unapofifia. Akaeleza kwamba huhama makazi kila robo ya mwaka. Alifariki 1692, na waumini wake wakasema hakufa, amechukuliwa kwenye kilima wanamoishi viumbe hao. Mchungaji hakuona haja ya kuwaita mashetani. Klabu ya shule inaweza kujiegemeza hapo.

Mtoto aliyebadilishwa ni jambo zito zaidi. Kisa kamili ni cha mhunzi wa kisiwa cha Islay. Mwanawe kijana akadhoofika ghafla, analala tu, anakula sana. Mzee mmoja akamfundisha: kusanya maganda matupu ya mayai, yajaze maji, yabebe mawili mawili kama mtu aliyeelemewa na mzigo, uyapange kuzunguka moto. Kile kilicholala kitandani kikaangua kicheko: nina miaka 800 na sijawahi kuona kitu kama hiki! Kimejitaja. Hatua ya pili ni moto, nitarudi hapo. Ya tatu: usiku ambao kilima kinafunguka, mhunzi aende na Biblia, jambia na jogoo. Jambia alichomeke kizingitini, kwa sababu mlango wa kilima hauwezi kufungika juu ya chuma. Biblia ni ya kumlinda yeye. Jogoo alikuwa amelala chini ya nguo. Alipowika, wenye kilima wakawasukuma nje baba na mwana. Kijana hakusema neno mwaka mmoja na siku moja, mpaka alipomwona baba yake akifua upanga akasema, si hivyo, akauchukua akautengeneza kuliko mhunzi yeyote. Kila kifaa kina kazi yake. Mkisahau jambia, mhunzi amefungiwa ndani na kisa kimekwama.

Hatua ya pili ni kwamba mhunzi anakitupa kile kiumbe motoni. Hiyo iondoeni. Machi 1895, Ballyvadlea, Tipperary, Ireland, Bridget Cleary, mwanamke mgonjwa wa miaka ishirini na kitu, alichomwa na mumewe aliyedai kwamba huyu si mke wake, ni aliyebadilishwa. Kabla ya hapo ndugu walimshika wakamlazimisha kunywa dawa za majani na kumsogeza kwenye moto wakimtaka aape jina lake. Mumewe, Michael Cleary, alikwenda kwenye ngome ya kale kumngoja mke halisi atokee juu ya farasi mweupe. Alihukumiwa miaka 20 kwa kuua bila kukusudia, akatumikia 15. Watoto wengi waliodhaniwa kubadilishwa walikuwa wagonjwa au wenye ulemavu. Katika nchi yetu, ambako vikongwe wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni, sioni sababu ya kuwaonyesha wanafunzi moto kama tiba. Kicheko cha maganda ya mayai kinatosha: kiumbe kikishacheka na kujitaja, kikimbie chenyewe.

MamaMakambako

Naunga mkono. Na kwa kinga nyingine, mwalimu, maana hilo halijajibiwa vizuri: mkasi unaning'inizwa juu ya kitanda cha mtoto ukiwa wazi, si umefungwa, ili uwe chuma na msalaba kwa pamoja. Vijiti viwili vya mti wa rowani, wenye matunda mekundu, vinafungwa msalaba kwa uzi mwekundu na kuwekwa juu ya mlango wa zizi. Aliyepotezwa njia anavua koti analigeuza ndani nje, njia inarudi. Hii ni ya Devon na Cornwall hasa. Nyumba yenye mtu anayekata roho, dirisha la magharibi linafungwa, maana Sluagh, jeshi la wafu wasio na makao, huja kutoka upande huo. Chakula cha vichimbakazi, ukiwa ndani ya kilima chao, hakiliwi hata tone.

Maziwa si kinga, ni makubaliano. Kwenye visiwa vya Uskoti, gruagach anayelinda ng'ombe alimiminiwa maziwa kila jioni kwenye jiwe lenye shimo. Wakisahau, asubuhi ng'ombe wako ndani ya mazao. Kwa hiyo jukwaani chuma na maziwa visiwe kwenye mlango mmoja.

Isyesye

Basi nimekubali kuhusu banshee. Onyesho lifungwe na nini? Tam Lin?

BwanaShamba_Uyole

Kisa cha Tam Lin, kijana aliyetekwa na vichimbakazi, ni kizuri lakini kinakula muda. Janet, mpenzi wake, anangoja mahali paitwapo Miles Cross usiku wa manane, 31 Oktoba. Anaacha farasi mweusi apite, wa kahawia apite, anamvuta chini mpanda farasi mweupe, halafu anamshika huku akigeuka nyoka, dubu, simba, chuma chekundu cha moto, kaa linalowaka ambalo analitupa kisimani, na mwisho mtu uchi anayefunikwa joho la kijani. Kila mgeuko unataka vazi. Kwa waigizaji 12 na taa za sola, mtahangaika.

Chukueni Nuckelavee wa visiwa vya Orkney, Uskoti. Huyu ni Unseelie kwa kipimo chochote, hana adabu ya kufuatwa. Farasi na mpandaji wameungana mwili mmoja, hawana ngozi, damu nyeusi inaonekana kwenye mishipa ya njano. Pumzi yake inakausha mazao na kuua mifugo. Harufu ya mwani unaochomwa inamtia wazimu. Uchomaji huo ulianzia kisiwa cha Stronsay mwaka 1722, na ugonjwa wa farasi ukasemwa ni hasira yake. Kiangazi Mama wa Bahari humfunga. Mvua ikinyesha hatoki, kwa sababu hawezi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Kisa chake kimoja kinatosha. Tammas anatembea usiku, bahari upande mmoja, ziwa la maji baridi upande wa pili, anamwona anakuja mbele yake. Hageuki nyuma, anasogea upande wa ziwa. Mguu wake unarusha maji, yanamgusa kiumbe, kiumbe anaruka pembeni kwa sauti ya ngurumo. Tammas anaona mfereji unaotoa maji ziwani kuelekea baharini, anakimbia, anauruka. Mkono mrefu unamkosa, unabaki na kofia.

Vijana wawili chini ya shuka moja, mikono imeongezwa kwa vijiti vya mianzi hadi iguse sakafu. Shuka ipakwe rangi nyekundu ya maji na mistari ya njano, msitumie rangi ya mafuta, haitakauka kwa ukungu wa Rungwe. Mfereji uwe kitambaa cha bluu kilicholazwa kukatiza jukwaa karibu na watazamaji, ili Tammas akiruka aangukie upande wao. Maji halisi kikombe kimoja, sio zaidi, na yarushwe kwenye shuka, yasimwagike sakafuni anapokimbilia.